Dawa ya Deni na Albamu ya Noti

Noti ya Ujerumani ya marki milioni moja, iliyochapwa 1923, inanunuliwa leo kwa bei ya soda au zaidi kidogo. Noti ya rupia tano ya Serikali ya Zanzibar, iliyoondolewa sokoni 1936, huonekana kwa nadra minadani, na anayeitaka ajiandae kwa maelfu ya pauni. Muulize mkusanyaji yeyote sababu, atakujibu bila kufikiri: ile ni tele, hii ni adimu. Hajakosea, lakini jibu lake limeishia mlangoni. Noti za Zanzibar zilizunguka Unguja na Pemba kwa miaka 28, zikalipia karafuu, kodi za nyumba na nauli za majahazi. Zimekwenda wapi?

Nadhani jibu lake tutalipata kwa mkopeshaji kabla ya kulipata kwa mchapaji. Noti ni hati ya deni: aliyeitoa anadaiwa na aliyeishika. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na deni likishalipwa hati yake huchanwa. Ndiyo maana noti ambayo mtoaji wake aliilipa vizuri siku ya mageuzi ya fedha hutoweka, na ile ambayo watu walidhulumiwa kwayo hubaki imejaa madroo na albamu duniani kote. Mkusanyaji anayelipia uadimu, mara nyingi bila kujua, analipia uaminifu wa serikali fulani iliyokwisha kupita.

Zanzibar ndiyo mfano mzuri kuliko yote niujuao. Noti zile zilianza kutolewa 1908, zenye jahazi upande mmoja na wachumaji wa karafuu upande wa pili, kazi ya mikono ya wachapaji wa Waterlow wa London. Mwaka 1936 visiwa vikaingia chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki na rupia ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Kiwango hicho kilikuwa cha haki na kila mtu alikielewa, hakuna aliyenyang'anywa. Mwenye rupia 100 alipata shilingi 150, na shilingi 150 za wakati ule hazikuwa fedha ya kuweka kumbukumbu ndani ya Msahafu. Kubaki na noti kulikuwa hasara tupu. Kwa hiyo zilirudi, zikaharibiwa, na zilizobaki ni zile zilizosahaulika: ndani ya sanduku la marehemu, katikati ya daftari la duka, au mikononi mwa mgeni aliyeondoka na moja kama ukumbusho.

Ujerumani ilikwenda njia nyingine kabisa. Tarehe 15 Novemba 1923 ilitolewa rentenmark, na moja yake ikahesabiwa kuwa sawa na marki za karatasi trilioni moja. Mwenye noti ya marki milioni moja alikuwa na sehemu moja ya milioni ya rentenmark moja, yaani hakuwa na kitu. Angeipeleka benki ili iwe nini? Watoto walichezea mabunda yake, wengine wakawashia moto, na mengine yakabaki kwenye makabati hadi leo. Ajabu yake ni kwamba rentenmark zenyewe, noti zilizokuja kutibu ugonjwa huo, ni ngumu kupatikana, hasa zile za thamani kubwa za toleo la kwanza. Zilifanya kazi, watu wakaziamini, wakazitumia mpaka zikachakaa, kisha zikarudi zilikotoka. Katika albamu ya Mjerumani basi, mageuzi yaliyofaulu yanachukua nafasi ndogo sana, na maafa yaliyotangulia yanajaza kurasa.

Lakini ni Wajerumani hao hao waliotufundisha kukusanya, na inafaa kuangalia walivyotufundisha. Kati ya 1920 na 1922 miji na vitongoji vyao vilichapisha noti ndogo za dharura zenye picha za rangi: majengo ya kale, hadithi za watoto, vichekesho vya mtaani. Zilitolewa kwa seti, na nyingi hazikukusudiwa kununua mkate. Zililengwa kwa wakusanyaji. Manispaa iliuza noti kwa thamani iliyoandikwa juu yake, mnunuzi akaipeleka moja kwa moja kwenye albamu, na deni halikudaiwa kamwe. Sijui biashara nyingine ambayo mdai hulipa fedha taslimu ili apate heshima ya kutolipwa.

Katika mazingira hayo ya kupanga, kuhesabu na kutofautisha ndimo alimokulia Albert Pick, mzaliwa wa Cologne wa 1922, ambaye mkusanyiko wake wa noti uliofikia laki na zaidi ulinunuliwa na benki moja ya Bavaria miaka ya 1960. Katalogi aliyoianzisha ndiyo iliyowapa wakusanyaji wa dunia nzima lugha moja. Leo ukisema noti ya nchi fulani ni Pick namba fulani, mtu wa Mombasa na mtu wa Buenos Aires wanaelewana bila mkalimani. Pamoja na namba hiyo huenda daraja la hali ya noti, na daraja la juu kabisa ni la noti ambayo haijazunguka: haina mkunjo, haina doa, pembe zake ni kali, ukiishika inalia. Noti iliyopita mikononi mwa watu inashuka bei kwa kila mkunjo. Kwa mapokeo haya, kile ambacho noti iliumbiwa kufanya ndicho kinachoiharibu. Sina ugomvi na usafi, ila kuna noti ambazo kipimo hiki hakizifai hata kidogo, na mbili kati yake zilizaliwa, au tuseme zilifiwa, mwaka mmoja: 1993.

Tuanze na Zaire. Mwishoni mwa 1992 serikali ya Mobutu ilitoa noti ya zaire 5,000,000. Mpinzani wake mkubwa, Étienne Tshisekedi, aliyekuwa amechaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa, akaitangaza kuwa si fedha halali. Januari 1993 askari wakalipwa mishahara kwa noti hiyo, wakaenda nayo sokoni, wachuuzi wakaikataa. Kinshasa ikaporwa, na katika vurugu hizo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akauawa kwa risasi. Oktoba ya mwaka huohuo serikali ikaja na mageuzi: zaire mpya, moja kwa kila zaire 3,000,000 za zamani. Noti mpya zilikuwa na Mobutu yuleyule na chui yuleyule, sufuri tu zimepunguzwa.

Kasai zote mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zikakataa. Huko ndiko nyumbani kwa Tshisekedi, na ndiko kwenye almasi za Mbuji-Mayi, na ndiko walikokuwa wanarejea kwa maelfu Wakasai waliofukuzwa Shaba, jina la wakati ule la Katanga. Watu waliendelea kununua na kuuza kwa zaire za zamani kana kwamba Kinshasa haikusema neno. Kwa sheria karatasi zile zilikuwa zimekufa. Sokoni zilikuwa hai, na zilikuwa na sifa moja ambayo fedha ya serikali ilikosa: hapakuwa tena na mtu wa kuzichapa. Zilizokuwepo ndizo hizo hizo, mwaka baada ya mwaka, huku Kinshasa ikirudia tabia yake na kuongeza sufuri juu ya zaire mpya.

Matokeo yake yamo kwenye hesabu ya serikali yenyewe. Tarehe 30 Juni 1998, chini ya Laurent-Désiré Kabila, aliyeshika nchi baada ya Mobutu, ilipoanza kutumika faranga ya Kongo, kiwango kilipangwa hivi: faranga moja kwa zaire mpya 100,000, au kwa zaire za zamani 14,000,000. Gawanya mwenyewe. Mwaka 1993 mwananchi aliambiwa zaire mpya moja ni sawa na zaire za zamani milioni tatu; chini ya miaka mitano baadaye dola ilikiri kwa maandishi kwamba zaire mpya moja ni sawa na za zamani 140. Fedha iliyofutwa ilikuwa imeipita fedha halali zaidi ya mara elfu ishirini na moja. Wauza mihogo wa Kananga, huko huko Kasai, walisimamia sera ya fedha vizuri kuliko benki kuu.

Sasa fungua katalogi. Noti ya zamani ya Zaire iliyobaki kwenye bunda la benki, haijaguswa, ina namba ileile ya Pick na noti iliyozunguka Mbuji-Mayi hadi 1998. Ya kwanza ni daraja la juu. Ya pili imekunjwa mara mia, imelainika kama kitambaa, rangi ya chui imefifia, ina harufu ya jasho na mafuta ya mawese, na muuzaji ataitupa kwenye boksi la chakavu. Hakuna muhuri wala alama inayoonyesha ilikuwa Kasai; kuna uchakavu tu, na uchakavu si ushahidi wa mahakamani. Hata hivyo ningetoa noti tano safi kwa moja ya namna hiyo, ikija na maelezo ya kuaminika ya mtu aliyeitumia. Wenye kukusanya kwa madaraja wataniona mjinga.

Kinyume chake nacho kimo Kongo. Noti kubwa za mwisho za Mobutu, zilizofika hadi zaire mpya 1,000,000, zilitoka wakati yeye mwenyewe akiugua saratani ya tezi dume, na wananchi kwa ukali wao wakazibatiza jina la ugonjwa huo, "prostate". Waasi walikuwa wanasonga mbele kutoka mashariki, katika miji ya Waswahili wa Kongo, Goma, Bukavu, Kisangani, na fedha ile haikuwa na imani ya mtu. Noti za zama hizo zinapatikana safi kabisa na kwa bei ndogo. Ni safi kwa sababu zilikosa wa kuzipokea, na daraja lao la juu ni cheti cha kukataliwa.

Ndugu pacha wa kisa cha Kasai yuko Iraki. Baada ya vita vya Ghuba na vikwazo vya kimataifa, Baghdad haikuweza tena kuagiza noti kutoka Uingereza, ikaanza kuchapa zake za hali duni zenye sura ya Saddam Hussein. Mei 1993 ikatangaza kufuta noti ya dinari 25 ya zamani, ile nzuri yenye farasi, ikafunga mipaka na kutoa muda mfupi wa kubadilisha. Wakurdi wa kaskazini, waliokuwa wametengana na Baghdad, hawakuweza kuwahi hata kama wangetaka. Wakaendelea kutumia dinari za zamani, zilizojulikana kama dinari za Uswisi kwa sababu ya bamba za kuchapia. Hazikuwa na benki kuu nyuma yake, hazikuwa na akiba ya dhahabu, hazikuwa na mtu wa kuzidhamini, na zilichakaa mpaka nyingine zikashikizwa kwa gundi ya karatasi. Kati ya Oktoba 2003 na Januari 2004, Iraki ilipopata dinari mpya, dinari ya Saddam ilibadilishwa moja kwa moja, na dinari ya Uswisi moja ikapewa dinari mpya 150.

Ukizilinganisha noti hizi mbili kwenye albamu utaona zimefanana kwa jambo ambalo katalogi haina safu yake: zote zililipwa na mtu ambaye hakuzikopa. Serikali ya Kabila ililipa deni la Mobutu kwa Wakasai, na utawala wa baada ya Saddam ukalipa dinari ambazo Baghdad ilishazikana. Walilipa kwa sababu watu walikuwa wamelitunza deni wenyewe, wakakubaliana miongoni mwao kwamba lipo. Hapa ndipo naona fedha ilivyo kitu cha ujirani zaidi kuliko cha ikulu.

India ina mapokeo yake, na sheria yake inachekesha kidogo. Usiku wa 8 Novemba 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba noti zote za rupia 500 na 1,000 si halali. Watu walipanga foleni kwa wiki, na mwishowe zaidi ya asilimia 99 ya thamani ya noti hizo ilirudi benki, jambo lililowaaibisha waliodhani mabilioni ya fedha haramu yangeogopa kujitokeza. Kisha 2017 bunge likapitisha sheria inayomkataza mtu kumiliki zaidi ya noti 10 za zamani, isipokuwa anayezitumia kwa masomo, utafiti au ukusanyaji, ambaye anaruhusiwa 25. Kwingine mkusanyaji ni mtu wa pembeni ambaye serikali haimjui. New Delhi imemhesabia noti zake. Nao wakusanyaji wa India wana tamaa ambayo mtu wa Cologne hataielewa: wanatafuta namba. Noti yoyote, hata ya juzi, hata iliyochakaa, ikiwa namba yake inaishia na 786, tarakimu ambazo Waislamu wengi wa kule huzihesabu badala ya Bismillahi, ina bei yake. Hapo thamani imehama kabisa kutoka kwa deni na historia, imekwenda kwa baraka. Kwenye maduka ya Wahindi wa pwani yetu tarakimu hizo hazihitaji kuelezwa.

Zimbabwe inaelekea kunikanusha. Noti ya dola trilioni 100 ya 2009, yenye mawe ya Chiremba yaliyobebana, ni deni lililokufa bila kulipwa, na kwa hoja yangu ilipaswa kuwa ya bure. Mwaka 2015 Benki Kuu ya Zimbabwe ilipoamua kufunga hesabu, ilitoa dola 5 za Marekani kwa kila akaunti yenye hadi dola za Zimbabwe kwadrilioni 175. Kwa kiwango cha noti taslimu, noti moja ya trilioni 100 ilipata senti 40 tu za Marekani. Wakati huohuo wageni walikuwa wanainunua kwa makumi ya dola, na baadaye bei ikapita 100. Maelezo yake si ya kupendeza: wanunuzi walikuwa mbali na Harare, wakitaka kichekesho chenye sufuri 14 cha kuweka kwenye fremu. Mzimbabwe aliyepoteza pensheni yake aliipata noti hiyo kwa kuteseka, na faida yake ikachumwa na madalali wa mtandaoni. Naiweka katika kundi la vitu vya utalii, pembeni ya ukusanyaji wenyewe.

Afrika Mashariki tumepitia karibu kila namna. Florini ya 1920, iliyochukua nafasi ya rupia na yenyewe ikasukumwa na shilingi muda mfupi baadaye, ni adimu kama noti za Zanzibar kwa sababu ileile: iliishi kidogo na ililipwa. Mwaka 1966 Tanzania, Uganda na Kenya ziliachana na bodi ya pamoja, kila moja ikatoa shilingi yake kwa kiwango cha moja kwa moja. Tanzania ilitangulia, tarehe 14 Juni, kwa noti za shilingi 5, 10, 20 na 100 zenye sura ya Nyerere kijana, na mgongoni mambo ya nchi kama mkonge uliotandazwa kukauka. Hakuna aliyepoteza kitu, na leo noti za kwanza hizo zikiwa safi ni kazi kuzipata, maana shilingi 100 ya 1966 ilikuwa mshahara wa watu wengi. Nani angeiweka kando? Uganda ya 1987 ilikata sufuri mbili na juu yake ikatoza asilimia 30 ya fedha iliyobadilishwa. Mkusanyaji wa Kampala ana noti za kabla ya hapo za kutosha na kubaki.

Kisa cha Kenya bado ni kibichi. Tarehe 1 Juni 2019 zilizinduliwa noti zisizo na sura ya rais, kwa amri ya Katiba ya 2010, ingawa mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda mahakamani akidai kwamba sanamu ya Jomo Kenyatta mbele ya jumba la mikutano la KICC, iliyochorwa kwenye noti hizo, bado ni sura ya mtu. Noti ya zamani ya shilingi 1,000 ikapewa hadi 30 Septemba. Siku ilipopita, Benki Kuu ilisema noti kama milioni 7.4 hazikurudi. Zilikuwa za nani? Baadhi ni za bibi aliyesahau alikozificha, lakini nyingi, nashuku, ni za watu walioogopa kuulizwa walikozipata. Deni hili halikulipwa kwa sababu mdai alijificha, na hilo ni jambo jipya katika hoja yangu.

Ujerumani, iliyowatupa raia wake 1923, imegeuka kupita kiasi. Benki kuu yake, Bundesbank, inabadilisha marki kwa euro bila ukomo wa tarehe, hata noti za Juni 1948 zilizochapwa Marekani kwa siri na kuingizwa nchini kwenye makasha, zisizo na jina la benki iliyozitoa. Na bado marki zaidi ya bilioni 12 hazijarudi. Ahadi isiyo na mwisho imewafanya watu wasiharakishe, nami nakubali kwamba inaitia ufa hoja yangu: mdaiwa mwaminifu mno naye hubakiza karatasi nyingi mitaani. Tofauti ni kwamba marki ya zamani haiwezi kushuka chini ya thamani yake ya benki, kwa hiyo mkusanyaji wa kule ananunua akiwa na sakafu chini ya miguu. Wa Nairobi hana.

Tanzania nayo ilifunga mlango wake Aprili 5, 2025. Kwa miezi mitatu, kuanzia Januari 6, Benki Kuu ilipokea noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, kuanzia shilingi 20 hadi 10,000, pamoja na ile noti ya 500 ya 2010 iliyowachosha makondakta wa daladala kwa kuchanika. Ukitaka kujua ipi kati ya hizo itakuwa na bei baada ya miaka 30, usihangaike na uzuri wa picha. Shilingi 10,000 ilistahili nauli ya kwenda benki, kwa hiyo zilizobaki zitakuwa chache. Ya 20 haikustahili hata kuulizwa, na nyingi zitaendelea kuwemo ndani ya vitabu vya shule na mikoba ya kina mama. Ile ya 500 ndiyo nisiyoweza kuitabiri. Zilikuwa nyingi mno, lakini hali ya noti zenyewe ilikuwa mbaya kiasi kwamba iliyo nzima, isiyo na mkanda wa gundi, naitafuta mpaka sasa.